Fisi Kizimbani

Mhadhara uliotolewa Port Victoria, Kaunti ya Busia



Nianze na kesi. Ndugu zake Yusuf walipokwisha kumtumbukiza kisimani, walirudi kwa baba yao wakilia, mkononi wana kanzu yenye damu. Waliosoma kitabu cha Mwanzo watakumbuka kwamba pale anatajwa mnyama mkali tu, hana jina. Ndugu zetu Waislamu, kuanzia Busia mjini hadi Mumias, wanajua kwamba katika Kurani mshtakiwa anatajwa waziwazi: ni mbwa mwitu. Tena Yakobo mwenyewe ndiye aliyewapa wanawe wazo hilo bila kukusudia, aliposema kabla ya safari kwamba anachelea mbwa mwitu asije akamla mtoto. Wafasiri wanaongeza jambo ambalo mpelelezi yeyote angelifurahia. Mzee aliigeuzageuza kanzu, akaona damu ipo lakini hakuna hata uzi mmoja uliokatika, akastaajabu ni mbwa mwitu gani huyu mpole, amle mtu asimrarue nguo. Na katika visa vya manabii vilivyokusanywa karne nyingi zilizopita, vijana wale wanamkamata mbwa mwitu na kumleta mbele ya baba yao. Mungu akampa mnyama ulimi. Akaapa kwamba nyama ya manabii ni haramu kwake, na kwamba yeye ni mgeni katika nchi ile, amekuja kumtafuta ndugu yake aliyepotea.

Mnyama anamtafuta ndugu yake, na waliomshika ndio waliomuuza wao. Sijaona mshtakiwa aliyejitetea vizuri kuliko huyo.

Nimealikwa nizungumze juu ya mbwa mwitu katika ngano, imani na sanaa za mataifa. Nitafanya hivyo, lakini kwa ruhusa yenu kiti cha mbwa mwitu nitampa fisi, kwa sababu huku kwetu ndiye anayekikalia. Kazi anayoifanya mbwa mwitu katika ngano za Wajerumani, Wafaransa na Warusi, huku inafanywa na fisi: kutisha watoto, kulafua, kudanganywa, kutembea usiku na wachawi. Na hoja yangu ni moja. Popote alipo, mnyama huyu ameletwa kizimbani kwa makosa ambayo aghalabu ni ya watu, na ushahidi dhidi yake huwa umepakwa.

Kabla sijaendelea, niwaondolee dhana kwamba mbwa mwitu ni mnyama wa theluji peke yake. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba yule mnyama mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu anayeonekana katika mbuga za Kenya na Serengeti ni bweha wa aina moja na bweha wa Asia. Mwaka 2015 wanasayansi walilinganisha jeni zao, wakagundua kwamba huyu wa Afrika alitengana na yule wa Asia zaidi ya miaka milioni moja iliyopita na kwamba ukoo wake uko karibu zaidi na mbwa mwitu. Leo vitabu vinamwita mbwa mwitu wa Afrika. Huko Ethiopia yuko mwingine, mwekundu, mwembamba wa miguu, anayeishi kwa kula panya kwenye nyanda za juu kama zile za Milima ya Bale. Waliokomaa hawafiki 500, na adui wao mkubwa ni kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa wa wafugaji. Mwaka 2024 watafiti walitoa picha za wanyama hao wakilamba nekta ya maua, mdomo umejaa chavua. Huyo ndiye mnyama wa kuogofya.

Sasa fisi. Wajaluo wanamwita ondiek, na kwenye ngano zao ni otoyo. Wabukusu wanasema namunyu. Wateso wa Malaba na Amukura wanasema ebu, na ukivuka mpaka ukateremka hadi Buganda utamsikia akiitwa empisi. Majina mengi, tabia moja. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alipochapisha ngano za Waswahili huko London mwaka 1870, fisi alikuwemo pamoja na sungura na simba. Asenath Bole Odaga alipokusanya ngano za Kijaluo karne moja baadaye, alimkuta bado yupo, bado ana njaa.

Ngano ambayo kila mtu humu anaijua ni ile ya njia panda. Fisi anatembea usiku, harufu ya nyama inamfika. Anashika njia ya kushoto. Hatua chache, upepo unageuka, harufu inatoka kulia. Anarudi. Anafika panda, anasimama, pua inamwambia huku na huku. Basi anaamua kuwa mwerevu: miguu ya upande mmoja anaiweka njia hii, ya upande wa pili njia ile, anaanza kutembea. Njia zinaachana, naye anapasuka katikati. Njia mbili zilimshinda fisi, wanasema wazee, na methali hii imetumika kwenye baraza za machifu dhidi ya mume wa wake wawili, dhidi ya mgombea aliyekula pesa za vyama viwili, na hata dhidi ya mwalimu anayeuza dagaa saa za masomo. (Mji huu nao una hadithi yake ya njia mbili. Wapimaji wa reli wa mwaka 1892 walileta mstari wao hadi hapa, kwenye Ghuba ya Berkeley. Wapimaji waliokuja baadaye wakakata njia ya mkato, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani Kisumu. Sisi tulipasuliwa na njia ambayo haikuja.)

Ila ngano inayonishughulisha zaidi ni nyingine, na katika ukanda huu ina sura nyingi mno. Sungura na fisi wanaishi pamoja na mkubwa fulani, mara simba, mara mfalme, mara mwenye shamba. Chakula cha akiba kinaibwa. Aliyekula ni sungura. Usiku, fisi akiwa amelala fofofo, sungura anachukua mafuta au asali, anampaka mdomoni taratibu, anarudi kulala. Asubuhi mkubwa anakagua midomo. Mdomo wa fisi unang'aa. Anapigwa, anafukuzwa, pengine anauawa, nasi tunacheka. Tunacheka kwa sababu tunajua ukweli! Msimulizi hajatuficha. Alituonyesha sungura akipaka mafuta, kisha akatuomba tushangilie hukumu, nasi tukashangilia. Nimekuwa nikijiuliza watoto wanajifunza nini hapo. Majibu ya vitabu vya shule, kwamba ulafi ni mbaya, hayanitoshi, maana mlafi wa ngano hii ni sungura. Nadhani wazee waliotunga walikuwa wanatueleza jinsi kesi zinavyokwenda: anayefanana na mwizi ndiye anayepigwa, na mwenye akili ndogo ya kujitetea ndiye anayepakwa.

Basi tumtazame mshtakiwa mwenyewe. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi, Hans Kruuk, alikaa Serengeti na Ngorongoro akiwafuata fisi usiku, mara nyingi kwa mbalamwezi. Watalii walikuwa wakifika na magari asubuhi, wanamkuta simba ameketi juu ya nyumbu, fisi wamezunguka kwa mbali wakisubiri, na kila mmoja anaandika kwenye daftari lake: simba amewinda, fisi wanadoea. Kruuk alikuwepo tangu usiku. Aliona kundi la fisi likimkimbiza nyumbu yule, likamwangusha, kelele za furaha zikapanda, simba akazisikia, akaja na kuwanyang'anya. Katika kreta ya Ngorongoro hali hiyo ilikuwa ya kawaida. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972, na tangu hapo hakuna mjuzi wa wanyama anayemwita fisi madoa mla mizoga tu. Mizoga anakula, kweli, hata mifupa anaimeza ikatoka nyeupe kama chokaa, lakini sehemu kubwa ya chakula chake huiua mwenyewe.

Na si mbwa. Ukoo wake uko karibu zaidi na nguchiro na paka. Katika kundi lake jike ndiye mkubwa kwa umbo na kwa cheo, na dume anayehamia kutoka kundi jingine huanzia mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya hata watoto wa majike wa pale. Viungo vya uzazi vya jike vimefanana mno na vya dume, na kwa sababu hiyo watu wa zama nyingi waliamini fisi ni huntha, leo jike, kesho dume. Aristotle alikanusha dhana kama hiyo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Haikusikika. Wanandi, jirani zetu wa mlimani, nao walikuwa nayo wakati A. C. Hollis alipoandika kitabu chake juu yao mwaka 1909.

Sanaa za kisasa hazikumsaidia. Katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, fisi wakuu ni watatu, wachafu, wajinga, vibaraka wa simba mwovu, na kiongozi wao anaitwa Shenzi, jina la Kiswahili safi ambalo wachoraji wa Marekani walilipata bila taabu. Kinachochekesha ni kwamba wachoraji hao walikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kulikokuwa na fisi waliotolewa Kenya, wakakaa wakiwachora. Wanasayansi wa pale waliwaomba jambo moja, kwamba wawachore kwa wema. Mmeiona filamu. Afrika Magharibi walimtendea kwa heshima zaidi: Wabamana wa Mali, katika chama chao cha Kore, walichonga kinyago cha fisi, suruku, uso mrefu, paji limetokeza, na aliyekivaa alikuwa na kazi ya kufundisha mbele ya watu kwa kuchekesha na kutia hofu. Ni kinyago kizuri. Kina uzito ambao katuni hazina.

Sasa tuingie usiku, maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya hili.

Mwaka 1589, karibu na mji wa Bedburg nchini Ujerumani, mkulima aitwaye Peter Stumpp alihukumiwa kwa kujigeuza mbwa mwitu na kula watu. Alikiri, baada ya kuteswa. Alisema shetani alimpa mshipi wa uchawi. Mshipi ulitafutwa, haukuonekana, naye akauawa hata hivyo, kwa namna ambayo sitaisimulia mbele ya watoto, na binti yake pamoja na mwanamke mwingine wakauawa pamoja naye. Ulaya ya wakati huo ilikuwa imejaa vita vya dini, maiti porini, watoto waliopotea. Ilihitaji mla watu, na mnyama peke yake hakutosha.

Huku, aliyejigeuza ni fisi. Ethiopia wanasema juu ya buda, mtu mwenye jicho baya anayegeuka fisi usiku, na lawama hiyo kwa muda mrefu imewaangukia wahunzi na wafinyanzi, yaani mafundi ambao kila mtu anawahitaji na hakuna anayetaka kuwaoza binti. Wambugwe wa Tanzania, karibu na Ziwa Manyara, walimweleza mtafiti Robert Gray kwamba fisi wote ni mali ya wachawi: wanawakama, wanatengeneza siagi, siagi inawasha mienge, na wachawi wanawapanda uchi usiku kwenda shughuli zao. Napenda hiyo siagi. Anayezua uongo mtupu hafiki kwenye siagi. Hapo pana watu waliokaa wakafikiri mifugo ya usiku ingetunzwaje, wakailinganisha na ng'ombe wao.

Na hapa kwetu? Tuna wanaokimbia usiku. Wajaluo wanamwita jajuok, na kila kijiji kuanzia Budalang'i hadi Siaya kina mtu anayenong'onwa. Wanaosimulia husema anavua nguo, anarusha mchanga juu ya mabati, anagonga mlango kwa makalio, anacheka, anakwenda zake. Hula nyama ya mtu? Wengi watakwambia hapana, yeye anasumbua tu, ni ugonjwa wa kurithi, akikosa kukimbia anaugua. Lakini husemwa pia ana mnyama anayemfuga: chui, nyoka, fisi, na kwa sababu tuko ziwani, kiboko. Nawaona wengine mnacheka, wengine mmenyamaza. Aliyenyamaza namwelewa.

Maana mbali na kicheko kuna Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, ambako watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Sheria yetu ya Uchawi ni ya mwaka 1925, ya mkoloni, na ndani yake kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa, isipokuwa ukimpelekea tuhuma hiyo mkuu wa wilaya, polisi au chifu. Yaani sheria ilitaka kunyang'anya umati kizimba na kukipeleka ofisini. Ofisi ikiwa mbali, umati haungoji. Mtu huitwa fisi kwanza, kisha hutendewa kama fisi aliyeingia zizini. Stumpp na vikongwe wa Kisii wanatenganishwa na zaidi ya miaka 400, na njia waliyopitishwa ni hiyo hiyo.

Mtu anaweza kuniuliza: kama mbwa mwitu na fisi wana kesi moja, kwa nini mbwa mwitu amepata pia sifa? Roma inajivunia kwamba Romulus na Remus walinyonyeshwa na mbwa mwitu jike, na sanamu yake ya shaba iko mpaka leo katika makumbusho ya Kapitolini, ingawa wataalamu sasa wanaona huenda ni kazi ya Zama za Kati, na wale mapacha chini ya matiti waliongezwa baadaye, katika karne ya 15. Waturuki wa kale nao walijihesabu wajukuu wa mbwa mwitu jike. Wazungu wanajiita Wolf na Wolfgang bila aibu. Fisi hana mji aliouanzisha.

Jibu langu ni kaburi. Mbwa mwitu huua kondoo, na mfalme anaweza kujifananisha na muuaji. Wafalme wamefanya hivyo siku zote. Fisi anajua tulikozikwa. Waswahili wana methali: fisi akila muwele, mzima funga mlango. Waliotunga maneno hayo walikuwa wameona nyumba yenye mgonjwa asiye na wa kumlinda. Pwani hii ya ziwa ilipopigwa na ugonjwa wa malale mwanzoni mwa karne iliyopita, ukitokea Busoga, nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi. Upande wa Uganda peke yake walikufa zaidi ya watu 200,000. Kwa watu wanaozika nyumbani, ndani ya boma, na kukesha na marehemu kwa moto na nyimbo, mnyama anayefukua maiti anavunja jambo kubwa kuliko sheria.

Ndiyo maana Wanandi wanavutia. Wao hawakuwa wakizika kila mtu. Maiti wengi waliwekwa nje jioni, fisi akaja. Na kwao fisi aliogopwa kwa heshima: Hollis aliambiwa kwamba huzungumza na roho za waliokufa, na mojawapo ya koo zao, Tungo, ina fisi kuwa mnyama wake. Harar, Ethiopia, fisi huingia mjini usiku kupitia kuta za kale, na watu wanawalisha nyama kwa mkono na kwa mdomo. Mnyama ni yule yule. Panapokuwa na mapatano naye, anakuwa jirani. Pasipokuwa nayo, anakuwa mchawi.

Siku hizi fisi amehamia kwenye simu. Vijana mnakumbuka ile Team Mafisi iliyotamba nchini miaka kumi hivi iliyopita, na Sacco yake ya mzaha, ambapo mwanamume anayewinda wasichana alijiita fisi kwa majivuno. Ilichekesha. Lakini kusini mwa Malawi, wilayani Nsanje, fisi ni mwanamume aliyekuwa akilipwa kulala na wajane na hata na wasichana waliobaleghe, eti kuwatakasa. Mmoja wao alifungwa mwaka 2016 baada ya kujitangaza redioni. Mjane wa huku Nyanza na Magharibi anayelazimishwa kutakaswa hahitaji kuelezwa. Ukimwita mtu fisi umekwisha kumsamehe nusu, maana nani atamlaumu fisi kwa kula?

Sisi wa mpakani tuna ujanja huo wa kumsingizia mnyama kwa wingi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa na marais wawili mwaka 2018, foleni ya malori ikapungua, na bado bidhaa zinapita pembeni, kupitia njia za panya. Njia za panya! Panya hajawahi kuvusha gunia la sukari wala kumpa mtu chochote mkononi.

Serikali, angalau kwenye karatasi, imeanza kudai ushahidi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaja fisi pamoja na simba, mamba na kiboko katika orodha ya wanyama ambao wakimuua mtu familia inalipwa, shilingi milioni tano, na kamati ya kaunti lazima ijiridhishe kwamba ni mnyama kweli aliyeua. Mwanzoni mwa 2024 wanafunzi wa chuo kikuu kimoja pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi waliandamana baada ya fisi kumshambulia mwenzao. Hofu yao ilikuwa ya haki. Siwaombi mpende fisi mlangoni. Nasema tu kwamba hilo lilikuwa shambulio lenye jeraha, tarehe na mashahidi, na wanafunzi walijua la kudai: ua na taa.

Hapa Bunyala wanaoua ni mamba na kiboko, na Mto Nzoia ukivunja kingo, maji. Fisi amebaki kwenye ngano, na ngano zenyewe zinahamahama na watu kila mafuriko yakija, kutoka boma hadi kambi. Ningependa walimu waliopo wazirekodi, kwa Kinyala, bila kuzisafisha, na bila kuongeza funzo mwishoni. Andikeni nani alisimulia, na wasikilizaji walicheka wapi. Nami nina swali langu kwa wazee waliokaa mbele, kabla ya maswali yenu kwangu. Ngano zote nilizozisoma za fisi ni za nchi kavu: ng'ombe, mtama, njia panda. Nyinyi ni watu wa ziwa. Fisi wenu huvua samaki? Na kama huvua, nani humwibia nyavu?